Magurudumu ya kila kazi... kazi ya nani hasa?

Leo hakuna hifadhidata, hakuna seva, hakuna lugha mpya ya programu. Leo ni baiskeli. Wale mnaokuja hapa kwa ajili ya tarakilishi peke yake msikimbie, kwa maana mtakachokiona ni ugonjwa ule ule tunaoujua kazini: vipimo vilivyopikwa, viwango vinavyobadilishwa bidhaa ikiwa tayari mikononi mwa mteja, halafu mambo yakiharibika analaumiwa mtumiaji.

Kwa muda wa miezi miwili nimeulizwa swali moja na watu wanne tofauti. Nina kama laki mbili na nusu, ninunue magurudumu gani ya mashindano, yale mazuri ya bei ya juu, yale ya "kila kazi"? Kila mmoja alikuja na jedwali lake amelichapisha au amelihifadhi kwenye simu: gramu, wati, bei. Na kila mmoja alikuwa ameshaamua kununua rimu isiyo na kulabu kwa sababu ndiyo mpya. Basi nitoe jibu langu mapema ili asiye na muda aende zake. Nunua rimu ya kaboni YENYE kulabu, kina cha milimita 40 hadi 50, upana wa ndani 21 hadi 23, spoku za chuma zinazouzwa kila mahali, na habu ambayo fundi wako anaweza kuifungua bila kuandikia Uswisi barua. Jina lililoandikwa ubavuni ni juu yako. Sasa tugombane.

Tuanze na hilo neno "kila kazi". Zamani kidogo mambo yalikuwa rahisi. Kulikuwa na magurudumu mepesi ya rimu fupi kwa wapanda milima, na magurudumu ya kina kirefu kwa tambarare na mbio za saa. Rimu zilipopanuka na kuwa za duara zaidi, wahandisi wakagundua kwamba kina cha kati, hapo 45 hivi, hakikuangushi sana popote. Hilo ni jambo jema na silipingi. Ninachopinga ni kwamba ukisoma matangazo, "kila kazi" maana yake ni kazi tatu tu: kupanda Alps, kukimbia tambarare za Ubelgiji, na kuchomoka mita mia mbili za mwisho. Kushuka barabara ya Mai Mahiu na lori liko nyuma yako haimo kwenye orodha. Kukatika spoku Jumamosi jioni ukiwa Narok haimo. Kuingia shimoni kwa sababu matatu imekusukuma pembeni haimo. Hizo ndizo kazi zetu, na gurudumu lisiloziweza sio la kila kazi, hata kama lina bei ya pikipiki.

Haya, gramu. Huu ndio ulevi wa kwanza. Jamaa atalipa shilingi elfu themanini zaidi ili apunguze gramu 300. Tufanye hesabu ya darasa la nane. Wewe na baiskeli yako na maji yako mna kilo 82. Gramu 300 ni asilimia 0.37 ya hapo. Ukipanda kilima cha nusu saa kwa nguvu zile zile, utafika juu ukiwa umeokoa chini ya sekunde 7. Chupa moja ya maji ya nusu lita ni nzito kuliko tofauti hiyo.

"Lakini huo ni uzito unaozunguka!" Najua, najua. Kila mtu aliyewahi kuingia duka la baiskeli amesikia kwamba gramu moja kwenye gurudumu ni sawa na gramu nyingi kwenye fremu. Ukweli upo ndani yake, na una mpaka. Uzito ulio kwenye ukingo wa gurudumu huhesabiwa mara mbili wakati wa kuongeza kasi, kwa sababu unasogea mbele na unazunguka kwa wakati mmoja. Mara mbili, sio mara kumi. Kutoka kilomita 30 kwa saa hadi 40, wewe na baiskeli mnahitaji kama jouli 2,200. Gramu 300 zote zikiwa kwenye ukingo wa nje kabisa (na haziwezi kuwa zote huko, nyingine ziko kwenye habu) zinataka jouli 16. Asilimia 0.7. Na jouli hizo hazijapotea, ziko humo humo gurudumuni, utazipata ukiacha kukanyaga. Kilimani, ambako kasi haibadiliki sana, huko kuzunguka hakuna maana yoyote, uzito ni uzito tu.

Ulevi wa pili ni wati, na huu ni wa hatari zaidi kwa sababu unaonekana wa kisayansi. Kampuni inaingiza gurudumu kwenye handaki la upepo, inatoka na mchoro, na mchoro unasema: tumeokoa wati 10. Nataka kila anayesoma hapa ajifunze kuuliza swali moja tu: kwa kasi gani? Majaribio mengi hufanywa kwa kilomita 45 kwa saa au 48. Nguvu ya kukata upepo hupanda kwa mchemraba wa kasi. Kwa hiyo zile wati 10 za kilomita 45, ukienda 30, ni theluthi mbili mara theluthi mbili mara theluthi mbili... yaani wati 3 kasoro. Mchoro haukudanganya. Umejibu swali ambalo hukuuliza.

Tena kuna jambo ambalo sijaona tangazo hata moja likilitaja, na linatuhusu sisi moja kwa moja. Nairobi iko juu ya bahari kwa mita kama 1,700. Hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa takriban asilimia 16 hadi 18, kutegemea joto la siku hiyo. Iten, kwenye mita 2,400, unakaribia kupoteza robo nzima. Upepo ukipungua, na faida ya kukata upepo inapungua kwa kiasi hicho hicho. Zile wati 3 zako zimebaki mbili na nusu. Umelipa bei ya usawa wa bahari ukaletewa bidhaa ya milimani!

Wauzaji watakujibu kwamba mwenda polepole ndiye huokoa sekunde nyingi zaidi, kwa vile anakaa barabarani muda mrefu. Kihesabu ni kweli. Kwenye mbio za peke yako dhidi ya saa nitakubali. Lakini wengi wetu tunakimbia kwa kundi, na ukijificha nyuma ya mgongo wa mtu kwa dakika kumi unaokoa nguvu nyingi kuliko gurudumu lolote lililowahi kutengenezwa. Mwili wa mwendeshaji peke yake ni kama robo tatu ya upepo wote anaoukata, au zaidi. Inamisha kichwa. Ni bure, na haina ushuru.

Hapa wanaotengeneza programu mtanielewa upesi. Sote tunajua ile hifadhidata iliyoshinda majaribio yote kwa sababu waliyoyaandika majaribio ndio walioiandika hifadhidata. Walichagua ukubwa wa data, walichagua mashine, walichagua maswali. Handaki la upepo ni hivyo hivyo. Tairi gani ilivalishwa? Upana gani? Upepo uliingia kwa pembe gani, nyuzi 5 au 15? Kwenye pembe kubwa rimu ndefu huonekana kama tanga la jahazi linalovuta mbele, na ukizipa pembe hizo uzito mkubwa kwenye wastani wako, bidhaa yako inashinda. Barabarani, kwa mtu anayekwenda kasi, pembe hizo kubwa ni chache. Jedwali lisiloeleza hayo ni tangazo lenye mistari.

Sasa twende kwenye jambo lililonifanya niandike. Kulabu.

Kwa asiyefahamu: rimu ya baiskeli ya barabarani kwa miaka mingi imekuwa na mkunjo mdogo ndani ya mdomo wake, kila upande. Ukijaza upepo, ukingo wa tairi unajibana chini ya mkunjo huo na hautoki. Huo ndio ninaouita kulabu. Miaka ya karibuni kampuni kadhaa zimeuondoa. Cadex walianza mapema, Zipp wakafuata kwa nguvu mwaka 2020 na 303 mpya, ENVE pia wamo. Mdomo wa rimu sasa ni ukuta ulionyooka, na tairi hushikiliwa na ubano wake wenyewe tu.

Faida zipo, nitazitaja kwa haki. Ukuta ulionyooka ni rahisi kutengeneza, vipande vya kaboni vichache vinatupwa, na mdomo mnene hauvunjiki kirahisi ukigonga kitu. Bei ilishuka kweli. Zipp 303 S ilipotoka 2020 iliuzwa kama dola 1,300, na kwa kampuni ile hiyo ilikuwa bei ya chini sana. Lakini angalia faida hizo tena taratibu. Kutengeneza rahisi ni faida ya nani? Ya kiwanda. Kupunguza taka? Ya kiwanda. Mteja alipata kipande cha bei, na kwa kipande hicho akakabidhiwa ukomo wa upepo: psi 72.5, basi. Hiyo ndiyo bar 5 ya viwango vya kimataifa kwa rimu zisizo na kulabu. Vilevile hawezi kuvalisha tairi yoyote aipendayo. Ni lazima iwe tairi iliyoundwa kutumika bila tyubu, hata kama yeye ataweka tyubu ndani, na kampuni zina orodha na majedwali ya zinazokubalika.

Fikiria hilo kwa maisha yetu. Tairi imechanika ukiwa Nakuru. Kuna duka, Mungu akubariki, lina tairi moja ya milimita 28, ya kawaida, ya tyubu. Mwenye kulabu anavalisha, anajaza, anarudi nyumbani. Mwenye rimu ya kisasa ya dola elfu mbili na ushee anatafuta matatu ya kubeba baiskeli. Sisi tunaita hiyo nini kwenye programu? Toleo jipya lililoacha kusoma mafaili yote ya zamani, likatangazwa kama maendeleo.

Watetezi wana methali yao: magari hayana kulabu, baiskeli za milimani hazina kulabu, kwa nini ya barabarani iogope? Kwa sababu tairi ya gari dogo ina psi thelathini na kidogo! Ya baiskeli ya milimani ina ishirini na kitu. Ya barabarani kwa mtu wa kilo 85 mwenye tairi ya 28 inakaribia 70. Ukomo ni 72.5. Hiyo sio nafasi ya usalama, hiyo ni nafasi ya karatasi.

Na hesabu yenyewe haijasimama. Saa kumi na mbili asubuhi Nairobi, nyuzi 15, umejaza tairi yako psi 72.5 kamili kama kitabu kinavyoruhusu. Unatoka na wenzako kwenda Magadi. Mnapita Kiserian, mnafika Kona Baridi, mnaanza kushuka bondeni. Mnafika Magadi mchana, mita 600 hivi juu ya bahari, nyuzi 35 kivulini. Hewa iliyo ndani ya tairi imepata joto la nyuzi 20 zaidi. Hata ukitoa ule mgandamizo wa hewa ya nje uliopanda kwa sababu umeshuka bonde, kipimo chako sasa kinasoma psi 76 na ushee. Hukugusa pampu. Na sijaongeza joto la lami nyeusi, wala pampu yako ambayo mshale wake unadanganya psi tano huku au huku kama pampu nyingi. Sisemi tairi itaruka. Viwango vina akiba yake. Nasema umevuka ukomo uliowekwa na kiwanda kwa kufuata maagizo ya kiwanda, na siku ikitoka, barua watakayokuandikia itakuwa na neno "matumizi yasiyofaa".

Februari 2024, hatua ya 5 ya UAE Tour, Thomas De Gendt wa Ubelgiji alianguka, tairi ikatoka kwenye rimu yake ya Zipp isiyo na kulabu mbele ya kamera. Maelezo yaliyotolewa yakawa kwamba aligonga jiwe. Pengine ni kweli kabisa. Lakini hilo jibu lilikusudiwa kututuliza? Jiwe! Mimi barabara ninayopita kwenda kazini ina mawe kuliko ilivyo na lami. Adam Hansen, rais wa chama cha waendeshaji wa kulipwa, alisimama wazi kupinga rimu hizo, na UCI ikasema italichunguza suala lenyewe. Katikati ya kelele hizo likaibuka jambo dogo lililonishtua zaidi kuliko ajali: mchanganyiko wa tairi ya 28 kwenye rimu ya ndani 25, uliokuwa ukitumika na kuuzwa, ulikuwa chini ya mapendekezo mapya ya viwango, ambayo yalitaka tairi isipungue 29. Milimita moja. Watu walinunua kitu kilichokuwa sahihi, wakalala, wakaamka kikiwa kimepungua milimita moja.

Tusionee kampuni moja. Specialized nao mwaka 2020 walitoa Roval Rapide CLX, magurudumu ya bei ya juu kabisa, yenye kulabu, wakati dunia nzima inahubiri tairi bila tyubu, na yenyewe yakaja na katazo: tyubu tu. Baadaye likaja toleo la pili lililoruhusu. Anayeandika programu anatabasamu hapa. Lakini toleo la pili la programu hushushwa mtandaoni bure. Toleo la pili la gurudumu linalipiwa upya.

"Mbona Tadej Pogačar anashinda nayo?" Ndiyo, timu yake hutumia ENVE, na ENVE hawana kulabu. Alishinda ubingwa wa dunia Kigali Septemba 2025, kilomita 267.5 za milima na mawe ya kupanga, ambako waliomaliza walikuwa 30 tu. Lakini Pogačar ana kilo 66 hivi. Kwa uzito huo na tairi pana hakaribii ukomo wa psi hata akijaribu. Kila asubuhi kuna fundi anayepima upepo wake kwa kipimo kilichosahihishwa, na nyuma yake kuna gari lenye magurudumu mengine juu ya paa. Rimu ikipata ufa inatupwa, haibandikwi gundi. Ukiwa na hayo yote, nunua unachotaka na uache kusoma hapa.

Nihamie kwenye spoku na habu, sehemu ambayo wanunuzi huiruka kwa sababu haina mchoro mzuri. Kuna mtindo sasa wa spoku za kaboni, hasa kwenye magurudumu ya Kichina ambayo kwa kweli yamepunguza bei za watu, na mengine ni mazuri sana. Ni nyepesi, ni ngumu, zinaitika haraka. Pia ni za kampuni moja, urefu mmoja, muundo mmoja. Ikikatika unangoja kifurushi. Nani anakumbuka Januari 2009, Mavic walipolazimika kuwaambia watu warudishe magurudumu ya mbele ya R-SYS yenye spoku za kaboni? Teknolojia imesonga tangu wakati huo, nakubali. Lakini spoku ya chuma bapa, kama CX-Ray ya Sapim, ina gramu nne na kidogo, ni imara ajabu, na kampuni nyingi tofauti huitumia. Kiwango huria hicho. Ulizia pia nati za spoku ziko wapi. Zikiwa zimefichwa ndani ya rimu, kunyoosha gurudumu lililopinda kidogo ni kuvua tairi na utepe wote na ile dawa ya kuziba pancha imwagike miguuni. Kwa ajili ya nini? Sehemu ya wati moja.

Habu ndiyo inanifurahisha. Shimano, kwenye magurudumu yao ya juu kabisa ya Dura-Ace, bado wanatumia gololi huru na koni, mpangilio ule ule uliomo kwenye Black Mamba ya babu yako. Wapimaji wa Ulaya hulalamika kwamba ni ya kizamani. Kwangu hiyo ni sababu ya kununua! Fundi yeyote anayejua kazi, mwenye spana mbili nyembamba na grisi safi, ataifungua, ataisafisha, ataifunga, na itakwenda miaka. Ile C50 ya 2021 ina kulabu, ndani ni 21, kina 50, na spoku ni za chuma. Si nyepesi kuliko zote na hakuna anayeiimba. DT Swiss nao wamefuata njia nyingine, beringi za kawaida na meno ya ndani yanayofunguka kwa mkono bila kifaa. Beringi zenyewe zina namba, mfano 6902, na ukiwa na namba hiyo (milimita 15 kwa 28 kwa 7) huhitaji duka la baiskeli. Shuka Kirinyaga Road, ingia duka la beringi, taja namba. Gurudumu lenye beringi ya ajabu isiyo na namba mimi naliona kama faili lenye muundo wa siri.

Upana sitauongelea sana. Josh Poertner alipokuwa Zipp alitoa kanuni inayoitwa ya 105: upana wa nje wa rimu uzidi tairi kwa asilimia 5, ndipo upepo ushikamane. Tairi ikipima 28 halisi, rimu iwe 29.4 na zaidi. Pima tairi ikiwa imevalishwa na kujazwa, usiamini kilichoandikwa, kwa sababu 28 kwenye rimu pana hufika 30 bila kuuliza. Basi. Kwa barabara zetu tairi 30 ndio mwanzo wa heshima, na kwa hiyo rimu ya ndani 21 hadi 23 inatosha kabisa.

Kina je? Mtu wa Mombasa au Malindi na kusi ikivuma kutoka baharini achukue 40 kwa gurudumu la mbele na asione haya. Upepo wa ubavu hauvuti tu, unapindua usukani, na mtu aliyeshika usukani kwa woga hakai kwenye mkao mzuri, kwa hiyo anapoteza wati nyingi kuliko alizonunua. Nairobi na Bonde la Ufa, 45 hadi 50. Zaidi ya hapo ni kwa wenye mbio za saa. Hata UCI wameweka ukomo wa milimita 65 kwa mbio za kundi kuanzia Januari 2026, ingawa sidhani kuna mtu Rongai aliyelia.

Na sasa pesa, ambayo ndiyo inauma. Dola 2,000 ni karibu shilingi 258,000. Weka VAT ya asilimia 16 juu yake, umefika laki tatu kasoro kidogo, na bado hujalipa usafiri wala ushuru na ada nyingine za kuingiza mzigo. Wakati huo huo, tofauti kati ya tairi ngumu ya mazoezi na tairi nzuri ya mashindano, zikipimwa kwa kasi ya kilomita 30 hivi, inazidi wati 10 kwa jozi. Tena hizo ni wati za kasi YAKO, hazipungui kwa kuwa uko Iten, hazihitaji upepo wa pembe yoyote. Bei yake haifiki hata moja ya kumi ya magurudumu. Jamaa wawili kati ya wale wanne walioniuliza wanapanda tairi zile nzito zisizotoboka, na walitaka kuchukua mkopo wa sacco ili wanunue rimu!

Mkopo. Hapo ndipo nakasirika kabisa. Kuna vijana kwenye mbio zetu za wikendi, wenye miguu ya ajabu, wanaoambiwa na watu wazima wenye magari kwamba bila kaboni hawataonekana. Nimesikia kwa masikio yangu. Kijana wa miaka 19 anayeishi Kikuyu, mji ule ule ambako David Kinjah aliwafundisha vijana, Chris Froome akiwemo, na Froome akaja kushinda Tour de France mara nne, anaambiwa tatizo lake ni rimu ya alumini. Akinunua ataenda na ile ya bei nafuu kabisa isiyo na kulabu, kwa sababu kulabu ndizo zilizoondolewa ili bei ishuke. Atavalisha tairi yoyote aliyopewa na mwenzake. Atajaza kwa pampu ya petroli stesheni mpaka iwe ngumu kwa kidole gumba, kama alivyofanya maisha yake yote na tyubu. Kisha atashuka mteremko kwa kilomita 70 kwa saa. Anayemshauri hivyo hatakuwepo kwenye huo mteremko.

Wenye duka, ninalo ombi moja kwenu na halina gharama. Rimu isiyo na kulabu ikiuzwa, andikeni ukomo wa psi na upana wa chini wa tairi kwenye kibandiko, kwa Kiswahili, kibandikwe kwenye rimu yenyewe karibu na vali ambako mtu anaweka pampu. Sio ukurasa wa 14 wa kitabu kilichobaki kwenye boksi. Mkitaka maneno nitawaandikia mimi, na nitachora kibandiko pia. Nitumieni vipimo vya boksi.